Mkeka wa Duara wa Futi Kumi

Siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa msichana wa shule hapa Kipungani, na dada yangu alikuwa akiolewa Wiyoni. Bibi yangu alikuwa ameahidi kushona mkeka wa duara, futi kumi ukingo hadi ukingo, bibi harusi akalishwe katikati siku ya kutazamwa na wageni. Mama mkwe wake alishasema mbele za watu kwamba sisi ni mafundi wa kuahidi. Dada hata kula alikuwa hali.

Mkeka wetu wa futi tano ulikuwa umekula pima ishirini za ukili, ule ukanda wa kusukwa tunaoupima kwa mikono iliyonyooshwa. Basi bibi akasema huu ni mara mbili yake, pima arubaini zatosha. Zilipotimia, wanawake waliokuwa wakitusaidia kusuka wakavaa mabuibui waende zao. Harusi ilikuwa wiki ile ile.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Nusu ya upana ni tano. Tano mara tano, kisha mara tatu na kitu: karibu futi themanini za mraba. Na pima moja ya ukili wetu hufunika futi moja ya mraba. Nikarudia huku jasho lanitoka, naomba niwe nimekosea. Kwetu mtoto hamkosoi bibi yake, seuze mbele ya wageni.

"Bibi, hazitoshi," nikasema, sauti ikakatika.

Wale wanawake wakasimama mlangoni.

"Hebu nionyeshe," akasema.

Nikafunga kipande cha mkaa kwenye uzi wa futi tano, nikazungusha duara sakafuni, nikautandika mkeka mdogo katikati. Pande zote palibaki patupu, pa kula ukili wa mikeka mitatu mingine kama huo. Bibi akapatazama mpaka nikataka kulia. Kisha akawageukia wale wanawake.

"Vueni mabuibui, jamani. Tungali nusu ya ndia."

Kwangu akasema, "Na wewe watetemani? Heri niaibike leo mbele ya hawa kuliko siku ile mbele ya mji."

Tulisuka na kushona mpaka vidole vikapasuka. Dada akakalishwa katikati, na mama mkwe mwenyewe akampa bibi mkono mbele za watu.

Mwanangu, siku hizi simu itakupigia hesabu, lakini haitakusemea. Ukiona kazi ya wakubwa inakwenda kombo, ihesabu tena, kisha sema kwa adabu kungali na muda. Kutetemeka si neno. Tetemeka, lakini sema. Mola akujaalie jicho la kuona upungufu, na wakubwa walio tayari kuvua mabuibui. Amin.