Dereva Nyuma ya Pazia

Kabla ya Jumanne ile, hali ilikuwa hivi. Chuo nilichofanyia kazi kilitaka kujua ni kwa kiasi gani madereva watu wazima wa Johannesburg huendesha magari wakiwa wametumia kitu kinacholegeza mwili au kuvuruga akili: bangi, vidonge vya usingizi, dawa za maumivu, hata dawa ya maji ya kikohozi inayouzwa dukani. Wenzangu walipewa madereva wanaozungumza Kiingereza na Kizulu. Mimi, Mtanzania niliyezoea kushughulika na maandishi kuliko na watu, nilipewa wanaozungumza Kiswahili, wengi wao Wakongo na Warundi.

Madereva hao hawakupenda kujaza fomu. Shuleni walisoma kwa Kifaransa, na Kiswahili kwao ni lugha ya mdomo, si ya karatasi. Ikanibidi niwasomee maswali na kuandika majibu kwa mkono wangu. Ili wasione haya, nikabuni pazia. Chumba chetu kilikuwa Marshalltown, juu ya mafundi cherehani, na fundi mmoja alinishonea kitambaa kizito cha kijani kilichofika sakafuni. Dereva aliingia kwa mlango wake, akaketi upande wake, akaondoka bila mimi kumwona. Hakutaja jina, fomu ilikuwa na namba tu. Niliandika kurasa tatu kuieleza kamati ya maadili jinsi pazia litakavyolinda siri, na kamati ikalisifu. Hakuna aliyeuliza sauti itafichwa na nini. Nami sikujiuliza, ingawa sisi wazungumzaji wa Kiswahili katika jiji hili tunanyolewa na kununua unga wa muhogo katika mitaa ileile.

Ahadi iliyosomwa kwa kila dereva niliitunga mwenyewe: lolote utakalosema halitatoka nje ya chumba hiki. Mwenzangu mmoja alishauri tuongeze kwamba siri itakoma maisha ya watu yakiwa hatarini. Nilikataa. Nilisema maneno hayo yangewatia watu hofu na kuharibu sentensi.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi alichukuliwa mlangoni kwetu, Berea, na gari dogo lililopeleka watoto kumi na wawili shuleni. Dereva alikuwa mtu wa Uvira, mpole, aliyewaita watoto wote "patron", yaani bosi, na kuwaomba ruhusa kabla ya kuondoka, nao wakamkubalia kwa pamoja, "Sharp!" Nilimsalimu kila siku kutoka ngazini.

Jumanne hiyo, alasiri, dereva wa thelathini na moja aliketi nyuma ya pazia, akakohoa, akasema, "Bon, papa, uliza." Niliitambua sauti ya mtu wa Uvira kabla sijageuza ukurasa.

Nilipaswa kusimamisha mahojiano palepale. Nikaendelea. Swali la tisa liliuliza kama katika mwezi uliopita aliwahi kuendesha gari muda mfupi baada ya kutumia dawa inayoleta usingizi. Akajibu kwamba ni kila siku ya kazi. Usiku alilinda ofisi moja Sandton, na kusimama kulimuumiza mgongo. Alfajiri alikunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, siku nyingine akaongeza kidonge, ndipo akaenda kuchukua watoto. Kisha akasema polepole, akiziita taa za barabarani kwa jina la huku, kama mtu anayetaka iandikwe sawasawa:

"Roboti inakuwa nyekundu, naiona nyekundu, lakini mguu unachelewa kusikia."

Kanuni ilinitaka nisome maswali kama yalivyo, bila kuongeza, bila kupunguza, bila kuonyesha mshangao. Nikasoma swali la kumi. Akajibu kwa neno moja, na hivyo hivyo hadi mwisho.

Kesho yake nilimtoa binti yangu katika gari lile. Nilimwambia mke wangu kwamba nitakuwa nikimpeleka mwenyewe kwa miguu, kwa ajili ya mazoezi. Aliniangalia kuanzia viatu hadi miwani. "Wewe? Mazoezi?" Hakuuliza zaidi, nami nikashukuru, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu.

Nilikuwa nimejifungia pande zote. Kuwaambia wazazi kulikuwa kuvunja ahadi niliyoisoma kwa mdomo wangu. Kunyamaza kulikuwa kuwaacha watoto kumi na mmoja wateremke kilima cha Berea nyuma ya mguu unaochelewa. Na siri yenyewe nilikwisha kuitumia, kwa faida ya mtoto wangu peke yake.

Jumatatu, jirani yetu, msusi kutoka Bukavu, alinisimamisha ngazini kunishukuru. Nafasi ya binti yangu amepewa mtoto wa dada yake, mwenye miaka mitano.

"Mungu akubariki, Papa Mwalimu. Tuliingoja sana hiyo kiti."

Nilimwambia hapana neno. Usiku wote huo sikupata usingizi, na asubuhi, baada ya kumfikisha binti yangu shuleni, nikaenda mahali dereva alipokuwa akiosha gari, kando ya spaza moja, kiduka cha mtaani. Nilianza kusema kwamba nimekuja kwa jambo ambalo sina haki ya kulijia. Aliendelea kufuta kioo.

"Ni ile fomu," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sauti yako naisikiaga kila asubuhi, Mwalimu. Ulipoanza kusoma tu, nikajua. Ndiyo maana nikasema yote."

Nikamuuliza kwa nini, kama alijua.

"Nilifikiri utafungua lile pazia, unikataze. Mie peke yangu nilishindwa kuacha. Wewe ukasoma swali lingine." Akakamua kitambaa. "Wako umemtoa. Na wale wengine?"

Nikamwambia nilikuwa nimeahidi.

"Eish. Uliahidi nani? Si mimi? Basi nakurudishia ahadi yako. Lakini uniache niwaambie mwenyewe."

Akawaambia wazazi jioni hiyohiyo, sebuleni kwetu, akiwa amesimama. Aliacha kuendesha watoto, na kazi ya ulinzi akabaki nayo. Msusi alimpa mkono dereva. Mimi hakunipa, kwa sababu alikwisha kuhesabu siku nilizonyamaza tangu nimtoe binti yangu. Niliiandikia kamati ya maadili yote yaliyotokea. Ikafunga mahojiano yangu na kuamuru fomu zote thelathini na moja ziteketezwe, na ripoti ya utafiti ikatoka bila dereva hata mmoja anayezungumza Kiswahili.