Pole Iliyomnyima Binti Safari

Saa moja na robo asubuhi, mkuu wa programu ya lugha za kigeni amepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi yake chuoni, akipekua maboksi ya mitihani ya mwaka juzi. Anatafuta karatasi moja tu. Anapoipata, anatamani asingeiona.

Kazi yake si ndogo: lugha nne, walimu saba, wanafunzi mia tatu na ratiba zinazogongana kila Jumatatu. Husahihisha pia mtihani wa kuwachagua wanafunzi wawili wa kwenda kusoma ugenini mwaka mzima. Kwa miaka kumi na moja ametumia majibu aliyoyaandaa mwenyewe.

Swali la tano la mtihani wa mwaka juzi liliwataka wanafunzi watafsiri kwa Kifaransa, "Pole na safari." Majibu yake yalimtaka mtu amwombe mgeni radhi kwa safari. Binti mmoja aliandika kwamba anatumaini safari haikumchosha mgeni. Alipewa sifuri, akakosa nafasi kwa alama moja.

Wiki iliyopita, mhadhiri aliyekuja kutembelea chuo aliyasoma majibu hayo, akacheka hadi akavua miwani. "Radhi ya nini? Kwani wewe ndiye uliyeharibu basi lake?"

"Nilicheka naye," anasema mkuu huyo, macho chini. "Halafu nikamkumbuka yule binti. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Na kilichonishinda si Kifaransa, ni Kiswahili changu mwenyewe."

Siku hizi binti huyo yuko mapokezi katika nyumba ya wageni, mitaa miwili kutoka chuoni. Juzi mkuu alimfuata huko. Alizungukazunguka weee, mwisho akasema, "Pole sana mwanangu, kwa yaliyokupata."

Binti alimaliza kuandika jina la mteja kitabuni. "Asante, mwalimu. Ila pole hunipa jirani. Wewe ndiye uliyesahihisha."

Mkuu aliondoka bila kuaga.

Saa nne leo kamati inagawa nafasi za mwaka huu. Anataka moja apewe binti huyo, na ili binti aipate, itabidi yeye mkuu aeleze sababu mbele ya walimu anaowaongoza.

"Wakinivua cheo, watakuwa na haki," anasema. "Nikinyamaza, huyu mtoto atazeekea pale kaunta."

Barua yake kwa kamati ilianza, "Ilitokea hitilafu katika usahihishaji." Ameufuta mstari huo. Juu yake ameandika: "Nilikosea mimi."