Kumwachamia Mkwe

Mimi Margareta, mwanika dagaa wa Kibirizi, mdomo wangu unajulikana ufuo mzima. Mchuuzi akiniletea ujanja namtolea uvivu mpaka anaomba radhi. Lakini mdomo huohuo niliuficha miezi minne, na aibu yake bado ninayo.

Kilianza kidonda chini ya ulimi, upande wa kushoto. Nikasukutua maji ya chumvi, wapi! Kisha muuguzi akapita kutangaza kwamba hospitali wanajaribu kifaa kipya cha kupima saratani ya mdomo. Ni kijiti chenye vitu viwili kwa pamoja: taa inayoonyesha mishipa ya damu kwenye kidonda, na altrasaundi, ileile ya wajawazito, inayoonyesha kidonda kimezama kiasi gani. Nikaoga, nikavaa kitenge kizuri, nikaenda.

Pazia linafunguliwa, nani ameshika kijiti? Castory, mume wa binti yangu Esther. Kwetu Waha, mama mkwe hata kula hali mbele ya mkwewe, seuze kumwachamia kinywa. Nikadai nimeacha dagaa uani na mvua inakuja, nikaondoka zangu. Majirani waliposikia mpimaji ni mkwe wangu, wakanisifu kwa kushika mila.

Mila gani! Nimebwia ugoro miaka ishirini, kwa siri. Na Castory huyo, alipokuja kuposa, nilimwapisha mbele ya wazee aache sigara, nikisema binti yangu haolewi na bomba la moshi. Akaacha, maskini, wala hajagusa tena. Sasa nimwonyeshe meno haya?

Mwezi wa nne hata uji ukawa haupiti bila machozi. Nikarudi. Castory akaniamkia, akaweka macho kwenye kioo cha mashine tu, hanitazami usoni, akapitisha kijiti pale kushoto nilipoonyesha. Daktari akatazama: mishipa imesokotana, na kidonda kimeshaanza kuzama. Akasema lazima kipande kikatwe kikapimwe. Kisha akauliza kwa nini nilichelewa.

Castory akaniwahi. "Kosa ni langu, daktari. Siku ile nilijua ananionea haya. Ningempisha mtu mwingine."

Daktari akamgombeza palepale, mtu mzima na koti lake jeupe. Mungu anisamehe, nilimwacha agombezwe, na moyoni nikashukuru kwamba nimesitirika. Kisha nikamwona ameinamisha kichwa akifuta kile kijiti, nikashindwa.

"Siyo wewe, baba," nikasema. "Wala siyo mila. Nabwia ugoro."

Nikangoja anicheke, ilikuwa haki yake. Yeye akakivalisha kijiti kifuko kipya cha plastiki.

"Unauweka upande gani, mama?"

Nilikuwa nauweka kulia, ndani ya mdomo wa chini, ambako hakuna aliyekuwa amepima. Nikaachama, nikamwonyesha kwa kidole.