Gauni la Matanga Kwenye Maporomoko

Harufu ilitufikia kabla ya sauti ya maji. Nimeona maporomoko katika nchi kadhaa, mengine nimelipa ili niyatazame, na yote yalinukia majani mabichi na mawe baridi. Haya ya mlimani, upande wa Gety, yalinuka kama ndoo ya nepi iliyosahauliwa juani.

"Kuna kintu imekufa huku," alisema Bibiane, ameshika magoti akitafuta pumzi.

"Hakuna kilichokufa. Ni mulima," akajibu wifi yake Hortense bila kugeuka. "Tembea."

Bibiane ni fundi wa kushona mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, na hakuwa amewahi kupanda mlima maishani mwake. Alikuja na viatu vya kanisani, vyenye kisigino, kwa sababu, alisema, mtu haendi kumaliza matanga na ndala. Kisigino kimoja kilivunjika tulipoanza tu kuacha barabara. Tangu hapo alipanda akichechemea, akiteleza kwenye udongo mwekundu, akiomba Mungu na kutukana mlima kwa sauti ileile.

"Uliambiwa mulima, haukuambiwa misa," Hortense alimcheka.

Mume wa Bibiane, Jérôme, alifariki mwaka uliopita, na tangu siku ile Bibiane alivaa gauni jeusi. Katika ukoo wa Jérôme, mjane aliye matangani hashoni nguo ya harusi. Wanasema bibi harusi atakayeivaa atazika mume. Lakini harusi ndizo zinazomlisha fundi. Sare za shule zina msimu wao, na viraka havijazi sufuria. Ili awe huru, mjane hupanda hadi maporomoko, akaoga, akatupa gauni la msiba majini, na maji yakalibeba. Akiligusa tena, matanga yanaanza upya. Na lazima awepo mwanamke asiye wa ukoo wa mume wala wa mjane, aone kwa macho yake. Mimi ni mpangaji wa Bibiane, basi nilichukuliwa.

Hortense, dada ya marehemu, ndiye aliyekuwa na haraka kuliko sote. Binti yake Ornella alikuwa anaolewa, na gauni lake lilikuwa limekatwa tayari nyumbani kwa Bibiane, likingoja ruhusa ya kushonwa.

Tulipofika niliziba pua. Maji yenyewe yalianguka meupe kutoka juu, mazuri kabisa. Chini yake palikuwa na bwawa, na bwawa hilo lilikuwa limejaa wajane. Sina namna nyingine ya kusema. Magauni meusi, sidiria, vitambaa vya kichwa, vyote vimevimba na kuota utelezi, vimeshikana kwenye upenyo wa mawe ambamo maji yalipaswa kupita. Katikati yake kulikuwa na chupa za plastiki, vifuko vya pombe kali vya vijana wanaokuja kupiga picha, mifupa ya mbuzi, nepi. Povu la njano lilizunguka polepole juu ya yote.

"Niingie mu hii?" Bibiane aliuliza.

"Bote baliingia."

"Na balitoka na ugonjwa gani?"

Mwishowe aliogea pembeni, pale maji yanapoanguka, kabla hayajachafuka. Akavaa kitenge kipya. Akatupa gauni. Lilitua juu ya mengine, likajaa hewa kama tumbo, likakaa.

Tulingoja. Halikwenda popote.

"Nisukume na fimbo?" akauliza Bibiane.

Hortense alifikiri kama hakimu. "Fimbo haiko mukono. Sukuma."

Bibiane alichokonoa pale penye upenyo. Kitu kikapasuka, harufu mpya ikatupiga usoni, na lile fundo lote likang'oka mara moja likateremka mlimani, gauni lake likiwa juu kama aliyepanda lori.

"Imeenda! Imeenda! Dada, umeona?"

"Nimeona," nilisema. Hortense alipiga vigelegele. Bibiane alitapika nyuma ya jiwe.

Tuliteremka kwa furaha ya Hortense peke yake. Pale njia inapokutana na kijito, wanawake wa kijiji walikuwa wamelowesha mihogo ya fufu, ugali wao, kwenye magunia. Fundo lilikuwa limesimama hapo. Lilikuwa limefunika magunia, na gunia moja lilipasuka, vipande vyeupe vya muhogo vikielea kati ya nguo za ndani za watu wasiojulikana.

Mama mmoja, Gracieuse, alisimama ndani ya maji hadi magotini.

"Ninyi batu ya Bunia!" alipiga kelele alipotuona. "Munapanda na huzuni yenu, munatuachia siye sidiria! Batoto bangu bakule nini leo? Fufu ya bajane?"

Bibiane alivua viatu.

"Bibiane, acha," Hortense alimshika kitenge. "Yako iko mu ile."

"Naiona."

"Ukishika tu, umeharibu. Tunaanza tena. Na Ornella?"

"Mama Ornella, ni chakula ya batu."

"Basi toa zingine! Yako uache!"

"Niache yangu tu mu muhogo yao?" Bibiane alimtazama kama aliyeona funza ndani ya nyama. Kisha akaingia majini, na gauni lake ndilo alilolivuta kwanza.

Tulivuta na wale mama mpaka kijito kikawa tupu. Utelezi ule uliingia chini ya kucha zangu. Mama Gracieuse alichimba shimo, tukafukia yote. Alitupatia majivu ya kunawia, lakini hakutushukuru, na alikuwa na haki. Hortense alikaa mbali, leso puani.

Asubuhi yake alikuja kuchukua kitambaa. Hakuketi. Bibiane alimkabidhi gauni la Ornella, vipande vimekunjwa, pini bado ndani yake.

"Umwambie huyo fundi mwengine," alisema, "bega ya Ornella ya kushoto iko chini kidogo. Asipoangalia, gauni itaanguka mbele ya padri."

Hortense aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Bibiane akavuta kwenye mashine suruali ya shule iliyopasuka magotini.