Mji wa Saidi Haukuomba Mtandao

Harufu ya mazutu ya jenereta iliyochanganyika na unga wa muhogo ndiyo inayonirudisha Kalemie ya vita. Mashine ya kusaga ya jirani yetu, Mama Feza, iliunguruma nyuma ya ukuta wetu, na kwa ruhusa yake kaka yangu Saidi alivuta waya kutoka kwenye jenereta hadi kwenye kompyuta iliyokuwa sebuleni. Baba mdogo ndiye aliyeivusha Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, imefungwa ndani ya godoro, akinuia kufungua ofisi ya kuchapa barua. Vita vikaingia, na nani tena alikuwa na barua ya kuchapisha? Simu zilinyamaza, treni ikafia stesheni, mashua zikaliogopa ziwa. Saidi akabaki na mchezo mmoja uliokuja ndani ya kompyuta hiyo: unapewa ardhi tupu, unajenga mji, peke yako.

Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya ndoo na kuchungulia foleni ya mabeseni kwa Mama Feza. Likibaki moja napiga kelele, “Saidi, beseni ya mwisho!” naye anauhifadhi mji haraka kabla jenereta haijazimwa. Nikizubaa, kazi yake ya asubuhi nzima imekwenda na maji, nami nimekula kofi. Kofi lile sikulichukia. Niliowachukia ni wale walioiacha bandari yetu bila meli, huku mji wa kaka yangu ukiwa na treni inayofika kila mara. Nilimwomba stesheni yake aiite jina langu. Akacheka mpaka akakohoa. “Wee mwizi wa sukari? Acha kwanza kulamba sukari ya Mama, njo tutaongea.”

Wenye bunduki walipoanza kukusanya vijana mtaani, Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimtafutia Saidi nafasi kwenye mashua ya wauza samaki wa ndagala waliothubutu kwenda Kigoma. Asubuhi ya kuondoka, Saidi aliniinamia akaniambia, “Utunze muji wangu, Zuhura. Usiuguse. Nikirudi nitaumaliza.” Nilikubali kwa kichwa tu.

Haikupita muda askari wakaingia kwetu bila hodi. Mmoja akaiona kompyuta, uso ukamchangamka. “Televizyo njo hii!” Akaing'oa skrini na waya wake, akaikumbatia kifuani. Mwenzake akalipiga teke sanduku lililokuwa chini ya meza, akauliza ni kitu gani. Mama, Mungu amrehemu, hakupepesa jicho. “Hiyo iko chuma tu, baba. Ilikufa zamani.” Wakaenda zao na kioo kisichoonyesha kitu. Usilolijua ni usiku wa giza: mji wote ulikuwa ndani ya lile sanduku, nao waliuacha sakafuni. Mama akalizungushia kanga kuukuu, akalisukuma chini ya kitanda.

Miezi ikapita, na mfanyabiashara mmoja akatuletea habari tuliyokuwa tunaiogopa. Saidi alishikwa na homa huko Kigoma na alikuwa ameshazikwa. Hatukuosha maiti, hatukurusha hata konzi moja ya udongo. Nilikasirika siku ile, na bado nimekasirika, na anayeniambia muda huponya simtaki nyumbani kwangu.

Vita vilipotulia, baba mdogo akapata skrini nyingine. Mama Feza akawasha mashine, nami nikakaa mbele ya kompyuta. Mji ukafunguka kama alivyouacha: barabara, soko, nyumba ambazo hazijaisha. Treni ikaingia stesheni, na juu ya paa pameandikwa ZUHURA. Aliliandika kabla ya kuondoka wala hakuniambia, mjinga yule. Nililia kwa sauti hadi wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaacha mabeseni yao wakaja kuuliza nani amekufa tena.

Sasa mtandao umejaa Kalemie hii hii, na mwanangu Idi amekulia ndani ya simu. Alijenga kijiji chake humo tangu alipojua kusoma. Mtandao ukikatika, kijiji hakifunguki. Kila mara ataje jina, aweke neno la siri, asubiri kuruhusiwa kuingia kwake mwenyewe! Juzi ukaja ujumbe kwamba mchezo umefungwa, asanteni kwa kuwa nasi. Asanteni! Mtoto amelia macho yamevimba, na hakuna hata mlango wa kwenda kugonga na kutukana. Askari wale niliwaona nyuso, na walichokitaka hawakukipata. Hawa wenye mchezo hawana uso, na wamechukua vyote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mtoto angejuaje kwamba alikuwa ameazimwa?

Nililivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikaliunganisha na skrini na umeme wa jua. Likaguna, likakohoa, likawaka bila kuniuliza mimi ni nani. Idi akasogea, akautazama mji, akagusa zile nyumba ambazo hazijaisha.

“Mama, huyu mwenye muji, yuko onlaini?”

“Hapana,” nikamwambia. “Hayuko.”

Treni ikaondoka stesheni ya Zuhura, nasi tukaitazama mpaka ikarudi.