Kufuli za Haji Latif

Siku ya arobaini ya Haji Latif, sahani za pilau hazijaondolewa hata mkekani, mdogo wake Siraj alitangaza kwamba Jumamosi anakuja na gari la kuvuta. Kile kigari cheupe kichochoroni kimekaa tangu msiba, hakiwaki, basi kitauzwa chuma chakavu.

"Mwanamke na gari bovu wapi na wapi?" alimwambia Mehrun, binti pekee wa marehemu. "Wewe shona nguo zako, mwanangu. Mengine tuachie wanaume."

Mehrun alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na shule nne za mtaa wa Kharadar, jijini Karachi, zilivaa sare alizoshona yeye. Alizipeleka kwa kigari hicho. Bila gari angemtegemea Siraj kwa kila safari, na Siraj hakuwahi kumpa mtu tonge bila kumsimanga.

"Gari si bovu, Ba'mdogo. Limefungwa."

"Lifungue basi! Ukiliwasha kabla sijafika, ni lako."

Watu wakacheka. Mehrun hakucheka.

Karachi nzima hulinda magari kwa hila za nyumbani, lakini Haji Latif alipita kiasi. Mnyororo wa baiskeli ulifunga usukani na pedali ya breki. Chini ya kiti alitia koki ya jiko la gesi kukata petroli. Waya wa betri aliuchomoa kila jioni akalala nao chini ya mto. Hizo tatu Mehrun alizijua. Ya nne hakuijua mtu. Kila asubuhi mzee alisema, "Geuza uso, mwanangu," naye akageukia ukuta, tangu utotoni hadi mvi zikamwanza. Hata macho ya mzee yalipofifia, aliliwasha yeye kwanza, ndipo wakabadilishana viti. Mehrun alipoingia shuleni na mafurushi, baba alibaki ndani ya gari akilinda.

Ijumaa Mehrun alifungua hizo tatu, akatafuta ya nne kutwa. Alifunua mazulia, akatazama nyuma ya redio, akafungua hata taa ya dari. Akageuza ufunguo: kimya. Hapo hasira zikampanda.

"Baba, kwani mimi mwizi?" alisema kwa sauti, akipiga dashibodi. "Miaka yote hii unanigeuza uso, mimi mwizi?" Akalia mpaka kamasi.

Jumamosi asubuhi aliketi kiti cha abiria, akageukia ukuta kama kawaida yake. Macho hayakuona kitu siku zote zile, lakini masikio hayakuzibwa. Akazikumbuka sauti za kila asubuhi. Ulianza mnyororo. Ikafuata koki, ikilia kidogo. Kisha mzee alikohoa.

Mehrun akashtuka. Kile kikohozi! Miaka nenda miaka rudi amekichemshia tangawizi na asali. Amempeleka mzee kwa madaktari wawili, na wote walisema kifua ni safi. Mezani hakukohoa. Msikitini hakukohoa. Alikohoa ndani ya gari tu, mara moja, ameinamia mlango. Alikuwa akifunika mlio wa swichi, ile kufuli ya nne!

"Mzee mwongo wewe," alisema, akicheka huku machozi yanamtoka.

Akahamia kiti cha dereva, akapapasa chini ya kiegemeo cha mkono mlangoni. Kidole kikakuta swichi ndogo, ya zile za taa ya kitandani. Tak! Akageuza ufunguo, gari likawaka.

Moshi ulikuwa bado umetanda Siraj alipofika na gari la kuvuta. Alikizunguka kigari mara mbili, uso umemshuka.

"Swichi iko wapi? Mimi ndugu wa marehemu, lazima nijue."

Mehrun akainamia mlango, akakohoa, injini ikazimika. Akashuka, akamtupia funguo.

"Washa, Ba'mdogo. Ukiliwasha, lichukue."

Siraj akaingia. Akazungusha ufunguo mara tano, mara sita. Akaupiga usukani kofi. Muuza maziwa aliweka ndoo zake chini ili atazame vizuri, na wanawake wakajaa madirishani.

"Libembeleze, Siraj bhai, kaka yetu!" mmoja akamrushia. "Halijakuzoea!"

Siraj akashuka, jasho linamtiririka. "Unanifanya mimi mwizi mbele za watu?"

Mehrun akanyoosha mkono apewe funguo zake.

"Gari hili halijaibwa hata siku moja, Ba'mdogo," alisema. "Na leo halitaibwa."