Ufizi Uliogeuka Mweupe

Tangu mumewe afariki, Gahongayire ndiye aliyekuwa uso wa nyumba yao ya Kiyovu. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na hakuna jirani aliyewahi kumwona nje bila nywele kuchanwa. Jino lake la mbele lilipovunjika hakumwambia mtu, hata bintiye Gaju. Alitafuta daktari mbali, Kibagabaga, akapandikiziwa skrubu kwenye taya, akazoea kucheka kiganja kikiwa mdomoni.

Daktari Nduwayo, Mrundi mwenye maneno machache, alimfungia jino la muda juu ya skrubu. Kila ziara alilinenepesha kidogo shingoni, pale linapokutana na ufizi, kwa plastiki ya meno, lisukume ufizi polepole mpaka ujipinde kama ule wa jino la pembeni. Lakini Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa Gaju.

"Maliza yote leo," Gahongayire alisema.

"Mama, ufizi haupendi kuharakishwa."

"Nimefundisha watoto wa mawaziri, daktari. Usinifundishe subira."

"Basi nitajaribu. Ufizi ukikataa, nalitoa jino."

Alilinenepesha, akakaza skrubu, akampa kioo. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Damu imebanwa," daktari alisema. "Ikirudi upesi, tumepona. Isiporudi, nyama hii itakufa na kujikunja, chuma kionekane."

Gahongayire aliiwaza Jumamosi. Akilini alimwona Mama Ntare, mama wa bwana harusi, akimnong'oneza dada yake: yule mama ana chuma mdomoni, na hawakutuambia, wanaficha nini kingine? Akashika rozari ndani ya mkoba, asiweze kukumbuka sala inaanzaje.

"Vipi?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini?"

"Bado mweupe, mama."

Daktari aliinama kuutazama ufizi tena.

"Nikiliacha, Jumamosi litapendeza?"

"Jumamosi, ndiyo. Siku ya harusi, sijui."

Gahongayire alifumba macho. "Toa."

Daktari alilitoa, akalichonga likapungua, akalirudisha. Ufizi ulianza kuwa waridi. Ila kando ya jino ilibaki pembe ndogo nyeusi, pengo ambalo ufizi haukuwa umefika kulijaza.

Jumamosi wageni walijaa uani. Msemaji wa bwana harusi alipomwomba Gaju, msemaji wa upande wa Gaju, mzee Cassien, alijifanya kushangaa, kama desturi ilivyotaka.

"Gaju? Mmechelewa. Tulishamwoza kule Masoro, kwa mwenye kiwanda cha sabuni."

"Ndiyo maana nyumba hii inang'aa," yule wa bwana harusi akamjibu. "Basi tupeni sabuni, twende tukamwoshe huyo mume amsahau."

Ua mzima ukacheka. Kicheko kilimpanda Gahongayire kabla hajajiandaa, na Mama Ntare alikuwa amemkazia macho. Mkono ukaruka mdomoni.

Mama Ntare akamwinamia dada yake. "Umeona alivyolelewa vizuri? Siku hizi nani bado anafunika mdomo akicheka?"

Gahongayire aliyasikia. Hakuushusha mkono. Nyuma ya kiganja, ulimi ulikuwa unapapasa ile pembe, ukiipima kama bado ni ndogo.